Miksa ya Chaneli Nane

8 Januari

Binti yangu,

Salamu za baba yako zikukute umeshiba na umelala vizuri. Huku wazima, ila goti langu la kulia linagoma nikikanyaga cherehani kutwa. Mama yako anauliza kama bado unakohoa.

Sasa sikia. Bendi yetu ya wazee imepata kazi ya harusi, mtoto wa yule jirani muuza vitambaa. Tuko waimbaji wanne, mtu wa kinanda, na baba yako mdogo na gitaa lake, akishafunga saluni yake ya kunyoa. Tumechoka kuazima vyombo. Tumechanga tununue miksa yetu ya kuchanganyia sauti, ndogo, ya analogi, ile ya kuzungusha vitufe kwa vidole. Ukinipa ya kugusa kioo nitagusa mpaka nizime taa za ukumbi. Siku za mazoezi ikae sebuleni, siku ya kazi ipande jukwaani.

Dukani ziko za kila aina, zote zinanitazama kwa jicho moja. Baba yako mdogo alitaka tumwulize muuzaji. Nikamwambia, mwenye kisima haombi maji kwa jirani! Nina mtoto anayeendesha mitambo kwenye ukumbi mkubwa wa muziki, nihangaike na muuzaji wa nini?

Tuchagulie.

Ni mimi,
Baba yako

25 Januari

Baba,

Shikamoo, na ya mama imo humu humu. Kikohozi kimekwisha. Pole na goti.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi, maonyesho hayakauki. Chukueni ile yenye chaneli nane. Waimbaji wanne, gitaa na kinanda, hapo ni sita, na mbili zinabaki za akiba. Iwe na sehemu ya kutia mwangwi, waimbaji wanaupenda. Msiwe na wasiwasi, hata hapa tunazitumia hizo.

Msalimie baba mdogo.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Kwetu wenye afya tupo, mwenye amani hayupo.

Mashine tuliinunua, nzuri, inang'aa. Sebuleni ilitii kama mtoto wa shule, kwa kuwa tulifanya mazoezi na maiki mbili tu, nyingine tulikuwa bado tunazitafuta. Siku ya harusi tukaja na nne. Mbili zikaingia. Mbili zikakosa tundu la kuzipokea. Baba yako mdogo akatafuta waya wa kuungia, akazichomeka kwenye matundu mengine. Sauti ikatoka kama ya mtu aliye chini ya godoro. Tukapandisha. Spika zikapiga mluzi, na bibi harusi ndiyo kwanza anaingia. Aliziba masikio na maua yake mkononi.

Nikawaka. "Umeunganisha nini wewe?"

"Kaka, mashine yenyewe haina matundu ya..."

"Mashine imechaguliwa na mwanangu, anayeijua kazi! Wewe kuna kitu ulishawahi kukishika kikatulia? Ndiyo maana hata mke alikukimbia."

Mwanangu, maiki ilikuwa mkononi mwangu, na ilikuwa moja ya zile mbili zinazofanya kazi. Ukumbi mzima ulisikia. Mpaka wapishi walitoka jikoni kutazama.

Alilaza gitaa chini taratibu, kama anayelaza mtoto, akatoka.

Siku hizi naenda kazini kwa njia ya nyuma. Mama yako haniongeleshi ila kuuliza kama chumvi imetosha. Niambie basi ndugu yangu alikosea wapi, nijue kwamba nilikuwa na haki hata chembe.

Baba yako

2 Aprili

Mwanangu,

Barua yangu ilifika? Kama unaumwa, sema. Kama umenikasirikia, sema pia, nitapokea. Baba yako mdogo hajakanyaga hapa. Bendi imekaa kimya.

Baba yako

19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Siumwi. Barua zote mbili zilifika, na nilizisoma ndani ya chumba cha mifagio, ambacho ndicho mahali pangu pa kazi.

Sijawahi kuendesha mtambo wowote. Nasafisha ukumbi watu wakishatoka, naokota vikombe chini ya viti. Nilikuambia nafanya kazi ukumbi wa muziki, ukanijibu "fundi wangu wa mitambo", na jina likaninogea nikaliacha. Uliponiuliza habari za miksa, fundi mwenyewe alikuwa anapita mlangoni kwangu kila siku. Niliona haya kumwuliza. Atasema, mfagiaji na miksa wapi na wapi? Nikatazama tangazo kwenye kioo cha duka, nikakuandikia nane.

Wiki iliyopita nilimwuliza fundi. Hakunicheka. Alinionyesha kwamba chaneli nane si maiki nane. Unahesabu yale matundu ya maiki, ya mviringo, yenye vishimo vitatu ndani. Yenu inayo mawili tu, mengine ni ya kinanda na redio na vitu vya namna hiyo. Ninyi mlihitaji yenye manne. Hiyo mliyonayo itawafaa sebuleni. Muuzaji angewaambia, kama mngemwuliza alivyosema baba mdogo.

Hakukosea popote. Mpelekee barua hii aisome. Kosa ni langu.

Mwanao anayekutia aibu

12 Mei

Binti yangu,

Barua imefika, na sote wazima.

Sikufichi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi, kwa kuwa nimepata wa kumtwisha mzigo. Nikavaa shati safi nikaenda saluni kama mtu aliyeshinda kesi. Watu walikuwa wamejaa. Akaisoma huku mashine ya kunyolea inanguruma mkononi, akanirudishia.

"Kaka, mtoto amekosea matundu. Na lile la mke wangu, alikuandikia yeye?"

Wateja wote wakatazama viatu vyao.

Nikasema palepale, mbele yao, kwamba lile hakunituma mtu, nililitoa mwenyewe, lilikuwa uongo, na tangu siku ile sijui niuweke wapi uso wangu. Ndugu yangu akamaliza kichwa alichokuwa nacho, akakung'uta shuka.

"Kaa foleni," akasema.

Nikakaa. Waliokuja baada yangu wakapita kabla yangu.

Na wewe, kufagia si aibu. Aibu ni mimi kukutafutia cheo ili nikivae mwenyewe. Wenzangu wa bendi nimewaambia kazi yako. Mmoja alicheka, nikamwacha acheke.

Zamu yangu ilipofika alinifunga shuka shingoni, akaniinamisha kichwa kwa vidole viwili. Kioo kilikuwa mbele yetu. Kila nikiinua macho nakutana na yake, nayashusha tena.

Alininyoa vizuri, mwanangu. Alininyoa vizuri sana.

Ni mimi,
Baba yako