Sahani Yangu ya Bluu Kwenye Simu ya Mama Devota

Jumatano, Bigwa

Eti mimi ndiye mwizi! Tangu binti yangu Anita aniwekee chakula mtandaoni, watu waagize kwa simu, wateja wananiuliza, "Mama Anita, mbona umeiba picha ya Mama Devota?"

Ndizi nyama zile za pichani nilipika mimi. Mama Devota alizipiga picha humu humu ndani siku ya sala za jumuiya, akaziweka kwenye ukurasa wa mgahawa wake kabla yangu. Sahani yangu ya bati, ya bluu, iliyobanduka rangi ukingoni, inamletea wateja yeye. Mimi jana sikupata oda hata moja.

Leo jumuiya ilikuwa tena kwangu. Nikamwambia Anita aagize ndizi nyama kwenye mgahawa ule, ziletwe hapa. Mama Devota akaja nazo mwenyewe, anatabasamu. Nikazifungua mbele ya akina mama wote: ndizi zimepondeka, mchuzi maji matupu. Kando yake nikaweka zangu, kwenye sahani ya bluu.

Bibi Tekla akavaa miwani, akafungua ile picha kwenye simu yake. "He! Si ndiyo sahani ya kwenye simu hii?"

"Ndiyo yenyewe, Bibi. Muulize Mama Devota alikoipata."

Mama Devota akainamia sakafu. Ee Bwana, nilivyojisikia vizuri!

Jioni ameitoa ile picha. Bado sijaridhika. Natamani hata... basi.

Kwenye Baba Yetu ya kufunga jumuiya, tulipofika pale pa kusamehe, nikakohoa mpaka wenzangu wakapita. Mungu anajua sikuwa na kikohozi.