Vidole vya Twalib

Yeoville, 14 Agosti

Dada Mayasa,

Sweta ulilonitumia limenienea, na baridi imepungua.

Mwanao hafundishi tena mpira wa kikapu shuleni. Niliandika gazetini kwamba kocha Twalib hukaa benchi kimya kama abiria. Niliogopa kuonekana nampendelea mpwa wangu. Shule ikamwachisha kazi.

Jana nahodha wake, binti wa Kikongo, alinikuta dukani.

"Eish, Papa Luqman, hukuona vidole vyake? Kimoja tunakaba, viwili tunashambulia. Akipiga kelele, wapinzani si watasikia?"

Mechi nzima nilimtazama mdomo. Walishinda kwa pointi kumi na moja, nami nikaliweka hilo mstari wa mwisho.

Sijamwomba radhi. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo, nami naitikia marahaba kana kwamba naistahili.

Nduguyo,
Luqman