Ukuta wa Garth Umelia Nyau

Noreen wee, mbavu zangu! 😂😂

Si unajua Garth wangu kapewa kibali atandaze nyaya za umeme za chumba cha chini mwenyewe? Kaambiwa asizibe ukuta kabla mkaguzi hajaona. Jana kaziba. Na rangi kapaka!

Leo mkaguzi kaja, mama mpole. "Bwana Garth, bomoa hapa."

Garth kakaza shingo: "Mama, humo mna nyaya tu, naapa!"

Ukuta ukalia NYAUU.

Nakwambia UKUTA ULILIA!

Kumbe Waffles, paka wetu, kazibiwa humo jana! Na Garth ndiye aliyebandika picha za paka huyo mtaa mzima: "Amepotea"!

Kashika nyundo mwenyewe, akabomoa. Paka katoka mweupe kwa vumbi la jipsamu ya ukuta.

Mkaguzi kamulika tochi shimoni. Kisha: "Nyaya ziko sawa. Kibali cha kufuga paka kiko wapi?"

Noreen, mji huu hata paka hufugwa kwa kibali, na HATUNA! 😭😂