Kamba ya Raymundi

Usinge,
Jumapili, 11 Machi 1951.

Dada yangu mpendwa Katarina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na mtoto, na kwamba mgongo uliokusumbua baada ya kujifungua umepata nafuu. Mimi mwilini sijambo. Mvua ni nzuri, nyuki wanafanya kazi kuliko mwenye mizinga, na asali ninayo mitungi miwili. Wa kuila naye ndiye sina. Wenzangu wamehamia kambi ya mbali, nimebaki na kuku mmoja ambaye namsimulia habari za kwetu Isevya, huko Tabora, hadi amechoka kunisikiliza.

Barua yako aliniletea Alois, yule fundi wa reli. Nimeisoma mara nne. Unasema mtoto atabatizwa siku ya Pasaka na utampa jina langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika kamba ya baba yake siku ile ya mwisho. Dada, usimpeleke kanisani kabla hujaimaliza barua hii.

Wewe ulikuwa mja mzito, hukuja kuona ule mchezo wa chama chetu wa kushindana kuwinda na wenzetu wa Nzega, kwenye mashimo ya nungunungu kando ya njia ya zamani ya misafara ya Ujiji. Shemeji Raymundi aliingia shimoni kwa tumbo, mkuki mfupi mkononi, kamba imefungwa mguuni, nami nje nimeshika ncha ya pili. Sheria unaijua: akivuta mara moja, anaendelea, akivuta mara mbili, atolewe papo hapo. Udongo ukamporomokea humo ndani. Tulichimba hadi alasiri.

Chama kilikaa siku mbili kuamua kama ile ilikuwa ajali. Mzee Ngollo, mkuu wetu, alieleza kwamba mchezo huu ni wa hatari na kila aingiaye anajua, kwa hiyo udongo kuporomoka si kosa la mtu. Kama aliyemo ndani hakuwahi kuvuta, ni ajali, na chama kizima kitamlimia mjane misimu mitatu. Lakini kama alivuta na hakutolewa, hapo si ajali. Mshika kamba anafukuzwa chamani na atalilima peke yake shamba la mjane. Kisha akanigeukia, akauliza, "Modest, kamba ilitikisika?"

Nikasema haikutikisika. Wakanipa pole wote, wengine wakalia pamoja nami. Wiki iliyofuata nikapanda treni kuja huku, nikakudanganya kwamba nafuata asali.

Ilitikisika, dada. Mara mbili. Niliihisi kiganjani kama ninavyoihisi kalamu hii. Mwaka uliotangulia nilimtoa mapema, akatoka mikono mitupu, na watu wa Nzega wakamcheka msimu mzima. Basi asubuhi ile alinivuta pembeni akaniambia, "Leo usinitoe mpaka nivute mara tatu." Nikakubali, maana hata mimi nilichoka kuchekwa. Alipovuta mara ya pili nikangoja ya tatu, muda wa Salamu Maria moja tu. Baadaye nilijiambia kwamba nikiyataja makubaliano yetu, yeye ataitwa mkaidi, mimi mzembe, na wewe utakosa chama cha kukulimia. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Miezi yote hii nimejiuliza kama ile ni ajali, na jibu silipati. Naona mwenye haki ya kuamua ni wewe. Ukitaka, mpelekee Mzee Ngollo barua hii. Jembe langu nimelitia mpini mpya. Ukiniita nitakuja kulima hadi utakaposema basi. Usiponiita nitaelewa pia, ingawa huku ni kimya mno. Na mtoto, mpe jina la baba yake.

Nisalimie jirani yako Getruda na wote wanaoniulizia. Alois atakuwa Tabora hadi Alhamisi. Nimemwomba angoje jibu lako, hata likiwa neno moja.

Ni mimi mdogo wako,
Modest, niliyeshika kamba.