Chumvi ya Mara Mbili

Chumba Na. 7,
Juu ya Fundi Saa,
S.L.P. 318.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na Baba Mdogo ameshaizoea miwani mipya, au bado anaivua kila anapotaka kuona vizuri? Sisi hapa tu wazima. Mama bado anakohoa asubuhi, na Kaka anafuga ndevu ambazo zenyewe hazijaamua kuota. Mimi siumwi, ila nimechoka. Nakuandikia miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, kwa hiyo ukiona doa mahali usidhani ni chozi.

Uliniuliza kama kazi uliyoniombea kule jikoni hotelini inakwenda vizuri. Nimekaa na barua yako karibu wiki mbili bila kuijibu, maana sikutaka kukudanganya na ukweli ulikuwa haupendezi. Leo nitakueleza wote.

Nilipangiwa meza ya matabaka. Kuna chakula cha Kifaransa ambacho Mpishi Mkuu anakiita grateni, na wageni wanakipenda kuliko nyama. Unakata viazi vyembamba kiasi cha kuonea mwanga, unavipanga kwenye trei vikilaliana kama vigae vya paa, unamwagia krimu iliyochemshwa na kitunguu saumu. Juu yake mabiringanya, kisha mamumunye, kisha nyanya, kisha viazi tena na krimu tena. Mwisho unafunika kwa jibini iliyokunwa na kutia kwenye oveni saa nzima na zaidi, mpaka juu pawe na rangi ya mkate. Ukikata kipande kikasimama wima bila kuanguka, umefaulu. Changu cha kwanza kililala chini kama mgonjwa.

Ni kazi ya kusimama toka saa kumi na mbili asubuhi. Vidole vyangu vina alama za wembe uliopachikwa kwenye ubao wa kukatia viazi, na harufu ya jibini haitoki kwenye nywele hata nikioga mara mbili. Kaka amehamisha kiti chake mezani. Anasema nanuka kama kiatu cha askari aliyerudi vitani.

Sasa jikoni kwetu kuna sheria moja. Anayetia chumvi kwenye sufuria ya krimu lazima aite, "Chumvi imeingia!" na wote waitikie, "Imeingia!" Krimu hiyo inapita mikono mingi, na tabaka likishapangwa halifunguliwi. Huwezi kuitoa chumvi iliyokwisha kunywewa na kiazi. Sheria ni rahisi, hata kasuku angeiweza. Lakini wewe unanijua. Shuleni nilikuwa naitwa jina nikiwa nimeketi mstari wa mbele, naandikiwa kwamba sikuhudhuria.

Ninayefanya naye kazi mezani ni Mama Pacha. Ana miaka tisa pale. Ndiye aliyenifundisha kukausha mabiringanya kwa kitambaa na kuacha nafasi ya kidole juu ya trei ili krimu isimwagike ikichemka. Anapenda utani. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Wewe mtoto, ukitaka kwenda chooni unaomba ruhusa kwa barua?" Wote walicheka, na mimi nikacheka kidogo.

Jumanne moja, kama wiki mbili zilizopita, tulikuwa na trei kumi na mbili za wageni wa mkutano. Nikatia chumvi kwenye krimu. Nikaita. Nakuapia niliita, Mama Mdogo, lakini sauti iliishia kwenye meno. Feni inanguruma, sahani zinagongana, nani angenisikia? Hakuna aliyeitikia. Nilijua hakuna aliyeitikia. Nikajiambia nitamwambia Mama Pacha akirudi kutoka stoo, na aliporudi alikuwa na haraka, nikaona haya kumkatiza. Akatia chumvi yake, akaita kwa sauti ya kuamsha mtaa, na mimi nikaitikia pamoja na wengine. "Imeingia!" Hapo ndipo ninaposhindwa kujielewa mpaka leo.

Kwa kawaida angeonja akagundua. Siku hiyo alikuwa na mafua, ulimi wake ulikuwa kama ubao.

Trei zote kumi na mbili zilirudi. Mpishi Mkuu aliweka kipande mdomoni, akakitema kwenye kitambaa, akauliza nani ametia chumvi. Kila mtu alikuwa amemsikia Mama Pacha. Naye badala ya kujitetea alijishika kichwa, akasema polepole, "Labda nimetia mara mbili. Siku hizi kichwa changu sikielewi." Mwaka huu alikwisha kuunguza supu mara moja, kwa hiyo Mpishi Mkuu akamwambia akae nyumbani mpaka Jumamosi, meneja aamue kama bado anafaa. Alikunja aproni yake vizuri kabisa, akaondoka.

Na mimi nilikuwa nimebakiza wiki mbili kumaliza miezi mitatu ya majaribio. Nikanyamaza.

Jumatano nilimfuata Mpishi Mkuu mpaka mlango wa stoo. Akauliza, "Unataka nini?" Nikasema nataka siagi. Alhamisi niliandika kila kitu kwenye karatasi, nikaitia kwenye mfuko wa aproni yake iliyoning'inia ukutani. Mchana nikaambiwa aproni zote zimekwenda kwa dobi. Nilikimbia huko. Dobi akanionyesha uji mweupe wa karatasi kiganjani, akasema, "Kama ilikuwa barua ya mapenzi, binti, imeshaoshwa dhambi zake."

Ijumaa asubuhi tukiwa tumepanga mstari kupewa kazi za siku, nilisema, "Chumvi ya Jumanne ilikuwa yangu." Mpishi Mkuu akasema hajasikia. Nikarudia. Akasema bado hajasikia, na nadhani alikuwa amesikia. Mara ya tatu hata muuza mboga aliyekuwa mlangoni na kapu lake aligeuka. Nikaeleza yote, mpaka kuitikia kwangu.

Kisha akasema Mama Pacha atarudi Jumamosi, mimi nitatoka meza ya matabaka kwenda kumenya viazi, na miezi yangu mitatu inaanza kuhesabiwa upya. "Na hizo habari hatapelekewa na mtu mwingine. Utazipeleka wewe."

Nilizipeleka jioni ile ile. Anakaa vyumba viwili nyuma ya gereji. Alinisikiliza amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Nilipomaliza akasema, "Siku tatu napika huku nahesabu vijiko kwa sauti. Wanangu wananiangalia. Mmoja kaniuliza, 'Mama, umesahau kuhesabu?' Nimelala nikiwaza nimeanza kupotea kama mama yangu alivyopotea, akawa hatujui sisi watoto wake. Na wewe ulikuwa unajua."

Nikasema, "Nilikuwa najua, Mama. Nisamehe."

"Sijakusamehe," akasema. "Nenda nyumbani, nimechoka." Hakufunga mlango kwa nguvu. Alifunga tu.

Basi wiki nzima nimemenya viazi. Nakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mgongo ukutani, gunia baada ya gunia. Mama Pacha amerudi mezani pake. Wengine wamekwisha kuanza kunitania, wananiita Redio kwa kutangaza habari moja mara tatu. Yeye ananipita kama kabati.

Nimeeleza yote haya kwa sababu jina lako ndilo lililoniingiza pale, na nisingependa uyasikie kwa meneja. Kama unajutia kuniombea, niandikie tu, nitaelewa. Kuacha kazi sitaki. Lakini ile likizo ya kuja kwenu mwezi ujao haipo tena, sasa ni mpaka miezi mitatu mingine. Mama nimemwambia juzi. Alikohoa kwanza, kisha akaniuliza kama huyo mwanamke anapenda chai, nami nikasema sijui.

Jana asubuhi nilipeleka beseni la viazi mezani, nikageuka kuondoka. Nyuma yangu nikasikia, "Wewe." Mama Pacha alikuwa ameshika viazi sita, amevitenga pembeni. "Hivi vina macho. Toa." Nikakaa pale pale pembeni ya meza yake, nikavitoa macho, kimoja kimoja, na hakuniambia niende nikamalizie kwenye ndoo.

Nisalimie Baba Mdogo, Bibi, na Kadogo, mwambie nimeyapata maua aliyonichorea ingawa yalikuwa na miguu. Mama na Kaka wanakusalimu. Mungu akulindie goti lako na ngazi uipandayo, na akupe usingizi wa mtu asiyedaiwa neno.

Ni mimi mwanao nikupendaye, hata ninapochelewa kusema,

Kitinda