Maji Yaliyomuua Ngurumo

Ndugu yangu Lihanda,

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Ungekuwa hai nisingekuwa na uso wa kukutazama.

Hukumuua Ngurumo. Ni maji, Lihanda. Maji ya bwawa letu la chini.

Siku ile nilikuwa napakia miwa kwenye trekta, nikakuomba umpeleke fahali wangu Ngurumo kunywa, maana kesho yake angepigana na fahali mwenzake uwanjani Malinya. Ulifurahi! Ulizoea kuniambia, "Huyu ng'ombe mimi ninampendanga kukushinda." Kabla jua halijatua aliyumba, akaanguka, akafa. Kesho yake nilienda uwanjani na kamba tupu, nikakunyooshea kidole mbele ya watu wote: "Huyu ndiye amemwekea sumu!" Ulivaa kofia yako ukaondoka. Hukukanyaga tena kwangu, wala mimi kwako, na ugonjwa wa kifua ulipokuchukua, siku ya mazishi nilisimama nje ya ua. Sikukutupia hata udongo.

Mvua hizi ndama wangu wawili wamekufa vile vile. Ningemlaumu nani, na wewe umeshazikwa? Nikamwita daktari wa mifugo, mama mmoja mpole kutoka Kakamega mjini. Akaniuliza walikunywa wapi, nikampeleka. Alipoona ule utando wa kijani juu ya maji, kama rangi iliyomwagika, alijaza chupa mbili akazipeleka maabara. Alirudi na jibu: utando ule ni viumbe vidogo vinavyotoa sumu ya kuharibu ini. Mbolea ya miwa ikiteremshwa na mvua mpaka bwawani, vinashiba na kuzaana. Nikasema basi tutachemsha. Akatikisa kichwa: "Mzee, kuchemsha hakuiondoi."

Unajua nani alikuwa wa kwanza kulima miwa mpaka ukingoni mwa maji, kiwanda cha sukari kilipoanza kununua kila muwa? Mimi. Uliniambia niache nyasi kidogo, nikakucheka. Niliyelisha bwawa lile ni mimi, gunia baada ya gunia, kisha nikakubebesha wewe.

Sasa nimeng'oa mistari yote ya miwa iliyokuwa karibu, na tumezungusha ua. Maji ya mifugo tunayapitisha kwenye tangi la mchanga na makaa. Daktari alitukataza kuuosha mchanga ovyo, maana humo wanakaa bakteria wanaoila ile sumu polepole mpaka inavunjika. Tulingoja wiki nyingi, ng'ombe wakinyweshwa mbali. Juzi alipima tena, akasema wanywe. Nilipowaona wakiinamisha vichwa, nililia kama mtoto.

Nilienda kwa mkeo Muhonja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiendelea kuchambua mboga. Kisha akasema, "Mimi nilijua siku zote. Waambie wale uliowaambia."

Lihanda... hata kukuuliza sikukuuliza. Neno moja tu ningekuuliza.

Jumamosi hii kuna mapigano. Nakuahidi, kabla mafahali hawajaingizwa nitasimama katikati ya uwanja, nitaje jina lako, halafu langu, niseme yote. Watu wakinizomea, nitabaki pale mpaka nimalize.

Pumzika, ndugu yangu. Sikuombi unisamehe. Nataka watoto wako wapite sokoni bila mtu kunong'ona nyuma yao.

Ni mimi,
Shimenga