Kahawa ya Bibi Yafika Hamburg

Bibi yangu wa Rugu, shikamoo.

Ile kahawa ya kutafuna uliyonifungia kwenye jani la mgomba, niwape watakaonikaribisha, bado ninayo. Hapa Hamburg mvua haikatiki, wala hajatokea wa kunikaribisha. Leo stesheni nilitua shanta langu karibu na bibi wa umri wako. Nikamsalimu, nikampa kahawa kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha. Akainusa, akatabasamu, akainuka kwenda kuitia kwenye pipa la taka. Alidhani namwomba anitupie.

Nimeahirisha chuo kikuu mwaka mzima nije kuona dunia, Bibi, nami natafuna peke yangu. Akipita mgeni hapo nyumbani, hata usiyemjua, tafadhali usimwache aondoke bila kahawa.

Mjukuu wako akupendaye,
Mugisha